Koitalel Hakuwa Mjinga Kutoa Mkono

Kuna komenti inajirudia kwenye video zangu hadi nimeamua kuijibu kwa maandishi, maana sekunde tisini za video hazitoshi. Inakuja kwa sura mbili. Ya kwanza: "Buda, sisi tulikufuata kwa sababu ya mazoezi ya mikono. Hiyo historia peleka darasani." Ya pili ndiyo iliniuma: "Lakini huyo Koitalel pia alikuwa mjinga. Unampaje adui mkono?"

Ya kwanza nitaijibu haraka. Ya pili tutakaa nayo.

Kwa wageni: hapa tunajenga mikono. Sizungumzii ile misuli ya juu ya kupigia picha mbele ya kioo. Nazungumzia kiganja, vidole na kigasha, yaani kutoka kiwiko hadi kifundo. Nilianza nikiwa mjengo. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikuwa imekataa kabisa, nikawa nabeba mawe na kukoroga simiti hapa Eldoret. Huko mjengo kuna wazee wembamba kama ufito ambao wakikushika mkono unahisi mifupa ikiongea. Na kuna vijana wenye kifua kama mlango ambao mtungi wa maji unawashinda hatua hamsini. Nikajiuliza tofauti ni nini.

Tofauti ni kwamba vidole vyenyewe havina misuli. Fikiria breki ya baiskeli: unabana hapa juu, waya unapita, breki inashika kule chini. Vidole ndio breki. Misuli mikubwa inayovikunja iko kwenye kigasha, na kano ndizo waya. Kwa hivyo ukitaka vidole vyenye nguvu unafanyisha kazi kigasha, na unazipa kano muda. Misuli inaitikia ndani ya wiki chache. Kano ni polepole mno, zinataka miezi. Hapo ndipo wengi wenu mnaumia: misuli inasema "niko sawa, ongeza uzito," na kano bado hata haijapata habari.

Na huhitaji jimu. Tafuta mtungi wa lita 20, ujaze maji, hiyo ni kilo 20 na kitu. Beba mmoja kila mkono, tembea hadi vidole vianze kufunguka vyenyewe, weka chini, pumzika, rudia. Ning'inia kwenye bomba au tawi la mti, ukiweza sekunde thelathini kwa kuanzia umefanya vizuri. Fua blanketi kwa mkono na ulikamue bila kusaidiwa. Songa ugali wa watu kumi. Mama yako amekuwa akifanya mazoezi haya tangu hujazaliwa na hakuna aliyempa medali. Watu wa Ulaya huingiza mkono kwenye ndoo ya mchele na kukoroga kwa vidole. Kwa bei ya mchele wa kwetu, tumia mchanga. Kisha, usisahau upande wa nyuma: funga vidole kwa mpira wa kufungia sukuma na uvifungue polepole, mara ishirini, thelathini. Kukunja bila kukunjua kunaleta maumivu ya kiwiko. Ukianza kuhisi ganzi au sindano kwenye vidole, acha, muone daktari. Usiniandikie mimi, mimi si daktari.

Tena hii si mambo ya kuonyeshana tu. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofuata watu karibu 140,000 katika nchi 17, na ukaona kwamba walioshika kwa udhaifu ndio waliokuwa kwenye hatari zaidi ya kufa mapema. Haimaanishi ukibeba mitungi hutakufa. Inamaanisha mkono unasema kitu kuhusu mwili mzima.

Sasa, kwa nini Koitalel yuko kwenye ukurasa huu? Kwa sababu mauaji maarufu yaliyotokea karibu zaidi na hapa ninapoishi, yale ninayoweza kupanda matatu, kupita Kapsabet, kufika mahali penyewe na kurudi kabla ya giza, yanaanza na watu wawili kushikana mkono. Ukurasa wa mikono usipoongea kuhusu huo mkono, uongee kuhusu nini?

Wacha niyaweke mezani kama kesi, maana hivyo ndivyo ninavyotaka tuanze kuyasoma.

Aliyeuawa: Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, kiongozi wa kiroho na mtu ambaye mashujaa walimsikiliza kabla ya kwenda vitani. Kwa zaidi ya miaka kumi Wanandi walikuwa wamewasumbua Waingereza. Reli ilikuwa ikipita pembeni mwa nchi yao kuelekea ziwani, ikafika Kisumu mwaka 1901, na Wanandi walikuwa wanang'oa nyaya za simu na vyuma vya reli. Nyaya zilikuwa mapambo mazuri, vyuma vilikuwa silaha. Serikali ya kikoloni ilituma jeshi mara kwa mara na haikumaliza kazi.

Mshukiwa: Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Kiingereza.

Tarehe: 19 Oktoba 1905.

Mahali: mlima mdogo karibu na mji wa leo wa Nandi Hills.

Kilichotokea: mshukiwa aliomba mkutano wa amani. Koitalel akaja na watu wake. Wakakutana. Mkono ukatolewa. Koitalel akapigwa risasi kwa karibu kabisa, na wenzake zaidi ya ishirini wakauawa pale pale. Baada ya hapo upinzani ulivunjika, na Wanandi wakasukumwa kwenye hifadhi, mbali na reli.

Sasa soma vitabu vyetu vya shule. Nilisoma hii habari nikiwa darasani na nakumbuka ilikuwa sentensi moja: Koitalel aliuawa mwaka 1905 na upinzani ukaisha. Aliuawa. Na nani? Vipi? Wakiwa wanafanya nini? Sentensi inasonga mbele kama matatu isiyotaka kusimama. Mwalimu anauliza sababu tano za kushindwa kwa Wanandi, unaandika "silaha duni", unapata alama, unaenda nyumbani. Hakuna aliyekuambia kwamba siku hiyo hapakuwa na vita. Palikuwa na mkutano. Mtu anayeuawa vitani na mtu anayeuawa akiwa ameitwa kuzungumza amani, hizo ni kesi mbili tofauti, hata bibi yangu ambaye hakuona mlango wa shule angekwambia.

Mshukiwa alijitetea, na utetezi wake ndio umesomwa na dunia. Alisema ni yeye aliyekuwa anategewa, kwamba alipiga risasi kuokoa maisha yake. Mabaraza ya uchunguzi yakakaa mara tatu, ya jeshi lake mwenyewe, na mwishowe yakamsafisha. Lakini angalia hii: pamoja na kumsafisha, mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki na kurudishwa Uingereza kwa sababu wakubwa hawakumtaka tena huku. Mtu msafi hafungashiwi virago hivyo. Halafu mwaka 1957, zaidi ya miaka hamsini baadaye, akachapisha shajara yake ya Kenya, na kwa miaka mingi watu wanaoandika kuhusu siku ile wamekuwa wakianzia humo.

Mazee, hebu fikiria. Unafika kituo cha polisi kuripoti mauaji, na OB inaandikwa na mshukiwa.

Na huyu si mshukiwa wa kawaida. Baada ya jeshi alijulikana duniani kama mtaalamu wa ndege. Miaka kadhaa baada ya kufa kwake mwaka 1967, wataalamu walianza kuchunguza mkusanyiko wake na kugundua kwamba ndege wengi alikuwa amewaiba kutoka makumbusho, akawabandikia karatasi mpya zenye tarehe na mahali pa uongo, akidai amewapata yeye. Hata akiwa hai aliwahi kupigwa marufuku ya miezi 18 kuingia chumba cha ndege cha makumbusho kule London kwa sababu ya kuchukua vitu bila ruhusa. Kuna bundi mmoja wa India ambaye alidai alimpata mwaka 1914. Walipomfungua na kuangalia alivyoshonwa na kujazwa, wakatambua kazi ya mikono ya mtu mwingine kabisa, aliyemkusanya katika miaka ya 1880. Umeshika? Kila mtu ana namna yake ya kushona, na uzi ukamuumbua.

Kwa hivyo mtu aliyedanganya kuhusu bundi, tunaambiwa tumwamini kuhusu binadamu. Mimi sikubali. Shajara yake isomwe, ndiyo, lakini isomwe kama maelezo ya mshukiwa: unaandika alichosema, unaweka alama pembeni, unaenda kutafuta wengine.

Na wengine wapo. Upande wa Wanandi habari imepokezanwa katika familia za watu waliokuwa walinzi wa Koitalel. Wanasimulia kwamba alishauriwa kabla asitoe mkono. Na sababu waliyompa ndiyo inayonifanya nisimame kila mara: mkono ungemtambulisha. Wale Waingereza hawakujua sura yake. Kati ya watu ishirini na kitu, yule atakayetoa mkono ndiye mkubwa wao. Alitoa mkono, na hapo hapo akapigwa.

Sasa wewe uliyeandika "mjinga", rudi hapa.

Umefikiria salamu ni nini? Ukikaza mkono kuwa ngumi, vidole vinafunika kiganja. Ukitaka kumsalimia mtu lazima uufungue. Mkono wa salamu ndio mkono ambao hauwezi kushika mkuki wakati huo huo. Hiyo ndiyo maana yake yote, na Koitalel aliielewa vizuri kuliko wewe na mimi. Kama kiongozi ameitwa kuzungumza amani mbele ya watu wake, halafu anajificha nyuma ya walinzi na kukataa salamu, ametangaza kwamba amani haitaki. Alikuwa amebanwa: akitoa mkono anajulikana, akiukunja yeye ndiye anaonekana kaharibu mazungumzo. Akautoa. Mimi naona hapo mtu aliyefanya sehemu yake hadi mwisho. Ujanja wote wa siku ile ulikuwa upande wa pili, na ulikuwa ujanja wa kutumia adabu ya mtu kumuua.

Tukisema "mjinga" tunafanya kazi ya mshukiwa bure. Tunahamisha swali kutoka kwa aliyefyatua hadi kwa aliyesalimia. Ni ile tabia yetu ya kuuliza msee aliyeporwa simu stejini, "Sasa wewe ulikuwa unaitoa ya nini?"

Nafikiri pia tumeharibiwa na siasa. Neno handisheki Kenya hii lilibadilika maana tarehe 9 Machi 2018, Uhuru na Raila walipotokea kwenye ngazi za Harambee House na kushikana mikono. Tangu siku hiyo ukisema watu wameshikana mikono, wasikilizaji wanasubiri kujua nani amechezwa. Labda ndiyo maana tukisikia ya mwaka 1905 tunaisoma kama siasa: aliyepoteza ni fala, aliyeshinda ni mjanja. Lakini siku ile kwenye kile kilima hakukuwa na kura za kuhesabu.

Wengine mnasema, sawa, lakini ni zamani, zaidi ya miaka 100, inatusaidia nini. Nitawapa vitu viwili vichache.

Mtoto wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923. Aliachiliwa mwaka 1964. Soma tena hizo tarehe. Vita vya pili vya dunia vilianza na kuisha akiwa kizuizini. Uhuru ulipatikana Desemba 1963 akiwa bado huko. Hakuna mfungwa wa kisiasa wa Kenya aliyekaa muda mrefu kuliko huyo, na nikiuliza vijana kumi hapa Eldoret, jina lake labda analijua mmoja.

Cha pili ni kichekesho kisichochekesha. Kuna nguruwe mkubwa wa msituni, anaishi kwenye misitu yetu ya milimani, na jina lake la kisayansi mpaka leo lina jina la Meinertzhagen ndani. Aliua Orkoiyot akatolewa nchini; nguruwe wetu akabaki anaitwa kwa jina lake. Sijui Mkenya wa kawaida apeleke wapi hayo malalamiko, lakini nimeyaandika.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba sisi tunapenda sana kesi za zamani. Mnakesha. Mnajua majina ya wauaji wa Marekani wa miaka ya sabini, mnajua gari walilokuwa wakiendesha, mnabishana kuhusu ushahidi kama mawakili. Halafu kesi iliyo na kila kitu, yaani mahali panapojulikana, tarehe, mshukiwa aliyeacha maandishi, mashahidi walioacha wajukuu, na mali ya marehemu iliyobebwa ng'ambo, mnasema hiyo ni ya darasani. Mwaka 2006 fimbo tatu za Koitalel zilirudishwa kutoka kwa familia ya Meinertzhagen. Ziko kwenye makumbusho ya Koitalel Samoei pale Nandi Hills. Wanandi wanasema na kichwa chake pia kilichukuliwa, na hicho hakijarudi. Kama hiyo si kesi iliyo wazi bado, sijui kesi ni nini.

Lakini ukiamua kuifuata, ifuate vizuri. Nimeona video za wenzangu wakiigiza ile salamu: muziki wa huzuni, mmoja amevaa kofia ya kizungu ya plastiki, bunduki ya mbao, damu ya tomato. Tafadhali. Hiyo inapata watazamaji na haimfundishi mtu yeyote. Anza na kuuliza nani aliandika, lini, na alipata nini. Linganisha. Kama hujui Kinandi, nenda na mtu anayejua, na umpe sehemu ya pesa, usimfanye mkalimani wa bure. Wazee wasirekodiwe bila ruhusa. Kamera ikae mfukoni mpaka chai ya kwanza iishe. Na ukiwa kwenye kaburi lile la kumbukumbu usipige pozi.

Barabara yenyewe ni darasa. Ukitoka Kapsabet kuelekea Nandi Hills chai inaanza, kijani hadi macho yanachoka. Wachumaji bado wako, ingawa si kama zamani. Mashine zimeingia kwenye mashamba makubwa ya ukanda huu, na kule Kericho mwaka 2023 kulikuwa na maandamano hadi mashine zikachomwa moto. Mchumaji wa mkono anachukua majani mawili na chipukizi, kwa ncha za vidole, siku nzima, mvua ikinyesha. Ukitaka kuona nguvu ya kubana kwa ncha, ile ambayo mnanunulia vifaa vya kigeni, msalimie mama aliyechuma chai miaka ishirini. Nimefanya hivyo. Kiganja chake kilikuwa kama ganda la mti na aliuliza kwa upole kama niko mgonjwa, mbona mkono wangu ni mwororo hivi. Na mimi ndiye mwalimu wenu.

Kwa hivyo ukurasa hautagawanywa. Mkitaka mazoezi pekee kuna wengi wanaofanya, na wana vifua vizuri kuliko changu. Hapa Jumatatu na Alhamisi ni mitungi, Jumamosi ni kesi.

Jumamosi hii tunapanda Nandi Hills, wale mlioandika majina. Tunakutana stejini ya Kapsabet hapa Eldoret saa moja asubuhi, saa moja ya kweli. Kila mtu aje na nauli yake na maji ya kunywa. Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha kwa kikundi. Tutaubeba kwa zamu, mkono mmoja mmoja, kutoka tutakaposhuka, na atakayeuangusha ndiye atanunua chai. Ukifika na mzee akakuambia "Chamgei", jibu "Chamgei mising" na utoe mkono.